Disketi Kwenye Kichanja cha Mama

Enzi zetu za Zaire, kompyuta ya kubebwa ilibebwa kweli, tena na watu wawili wakipokezana. Ninyi wa rika langu mliokulia Kisangani mnaijua: sanduku zito kama cherehani, kioo kidogo, herufi za kijani zikijitokeza pole pole. Yetu ililetwa kutoka Kinshasa na Tonton Lokwa, mdogo wake Mama, ofisi yake ilipoichoka. Alimletea dada yangu mkubwa, Yaya Bora, aliyekuwa chuo kikuu akiandika kazi yake ya mwisho juu ya samaki wa Isangi, kwao Mama kando ya mto. Asipoikabidhi kabla ya likizo, angerudia mwaka mzima.

Mpaka leo nikifumba macho naisikia ile harufu ya plastiki yenye joto ikichanganyika na ya pondu, kisamvu chetu, kutoka jikoni. Jumamosi, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mitaa, wakubwa walikaa barazani wakiipima. Sifa zake hakuna aliyezibishia: haikuchoka, na ilifuta kosa bila kuchafua karatasi. Ubishi ulikuwa juu ya kitu cha kuiongezea, maana Tonton angeweza kuagiza kifaa kimoja tu kwa meli. Yeye alitaka diski ya ndani, kazi yote ikae tumboni mwa mashine. Yaya alitaka mlango wa pili wa disketi, apate kunakili. Papa, mtu wa Maniema asiyependa kushindwa nyumbani kwake mwenyewe, alitaka betri, kwa kuwa umeme ulikatika ovyo na Yaya alipokwenda Isangi hakuukuta kabisa. Betri ikashinda. Mimi nilikuwa na miaka tisa, nikaota kompyuta ikijiandikia yenyewe ndani ya pirogi katikati ya mto.

Basi kazi ya Yaya ikabaki kwenye disketi tatu, bila nakala. Mvua zikaja, kila kitu kikaota ukungu, hata viatu vya shule. Mama akafanya wanachofanya watu wa mto kwa mbegu za mahindi: akazifunga disketi kwenye majani na kuziweka kwenye kichanja juu ya moto, moshi uzilinde. Siku ya tatu Yaya alizikuta zimejipinda kwa joto, mashine haizisomi tena.

"Ni mimi niliweka yao kule," Mama alisema. "Nilizani nachunga kazi yako."

Yaya alilia sana. Kisha akapangusa uso, akawasha mashine, akamvutia Mama kiti.

"Bon, Mama, ikala hapa. Tuanzie na samaki ya kwanza."

Kwa majuma mawili, kila alasiri, Mama alitaja mboto, mbenga, ngolo, kila mmoja anataga wapi na ananaswa kwa mtego gani, mara nyingine akicheka peke yake kwa jambo la utotoni mwake. Yaya aliandika, mimi nikapepea mashine. Umeme ulipokatika betri ilishika, na Papa akapitapita barazani akijifanya hana habari. Yaya aliwahi kuikabidhi, siku moja kabla ya likizo.

Leo wanangu wana simu zinazorekodi hata wanavyotafuna, na bado wananung'unika nafasi imejaa. Nawacheka, lakini nawaonea wivu. Mama hayupo tena. Kazi ya Yaya ninayo, majina yote yamo, hakuna kosa hata moja. Ila mashine ile haikujua kushika sauti ya Mama, na siku zile hakuna kati yetu aliyefikiri kwamba tungeihitaji.