Mkeka Uliochujuka

Alasiri ile pale Mambrui bado naikumbuka, mwanangu, na kila nikikuona umeinamia simu ukitazama mambo ya kujitengenezea nyumbani, hunijia upya.

Nilikuwa na miaka kumi na minane. Dada yangu Salma alikuwa amechumbiwa, na wazee wa upande wa mume wangekuja kutoka Takaungu kupanga siku ya ndoa. Mama alikuwa Ngomeni akimuuguza bibi, akaniachia kazi moja: kusuka mkeka mpya wa kuwakalisha wageni.

Kwetu, miyaa, yale majani makavu ya mkindu ya kusukia, huchemshwa pamoja na rangi kwenye sufuria kuukuu. Ni kazi ya jasho, na yala kuni. Mimi nilikuwa nimesikia redioni kwamba nguo yaweza kutiwa rangi kwa maji baridi, chumvi na ndimu. Nikajaribu kwa kitambaa, kikatoka chekundu kizuri. Basi nikailoweka miyaa vivyo hivyo, nikaianika, nikasuka kili, zile kanda ndefu nyembamba, kwa miezi miwili: ukili mweupe, ukili mwekundu, nikiziunganisha kwa sindano mpaka mkeka ukatimia. Majirani walipousifu, sikumwambia mtu siri yangu. Nilijiona fundi.

Zikiwa zimebaki siku tisa, akaja shangazi yangu, Bi Rukia. Ndiye aliyemfundisha mama kusuka.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Haya, nioneshe huo mkeka unaovumishwa mtaa mzima."

Nikautandika. Alikuwa ametoka kutawadha, mikono bado ina maji. Akaketi, akaegemea viganja, akautazama mshono kwa utulivu. Alipoinua mikono, viganja vilikuwa vyekundu.

Akavigeuza mbele ya macho yangu. "Mimi umeshanipaka hina, ahsante. Na wazee wa Takaungu, na kanzu zao nyeupe, utawapaka wapi?"

Salma alicheka, kisha akaelewa, akaanza kulia. "Wataondoka hapa na makalio mekundu! Watanisema mpaka nizeeke! Shangazi, twende tukaazime mkeka kwa jirani."

Nikasema haraka, "Nguo haikuchuja. Niliijaribu."

"Uliijaribu nguo," akasema shangazi. "Miyaa je?"

Nilikuwa nimejaribu kitu kimoja, nikatengeneza kingine.

"Kuazima si aibu," akaendelea, sauti yake ikiwa ya chini. "Aibu ni kumkalisha mtu juu ya kitu ambacho wewe mwenyewe hujakikalia. Huu hukuukalia hata mara moja, ulikuwa unautazama tu. Sasa chagua. Jirani hatakunyima mkeka."

Nilitamani kukubali. Lakini mama alikuwa ameniamini, na makosa yalikuwa ya mikono yangu. Nikamwambia, "Nitaufumua."

"Siku tisa hizo?"

"Siku tisa, shangazi."

Hakunisaidia kusuka, wala sikumwomba. Aliniachia sindano yake tu, akaenda zake. Nikazifumua kili zote nyekundu, saba kwa hesabu. Nilijua sitaweza kuzisuka upya zote zikiwa za rangi, kwa hiyo nikaamua sita ziwe nyeupe, na moja tu ya katikati iwe nyekundu. Nikachemsha kifungu kidogo cha miyaa pamoja na rangi, nikakisuuza, nikakianika kivulini, kisha nikakisugua kwa kitambaa cheupe kilicholowa. Kikaacha doa. Nikachemsha kingine kwa muda mrefu zaidi, nikakisuuza mpaka maji yakawa meupe. Nikasugua. Kitambaa kikabaki safi. Hapo ndipo nilipoitia rangi miyaa iliyobaki ya ukili ule.

Vidole vilipasuka. Salma, ambaye hakupenda kusuka tangu utotoni, alikaa nami akinipasulia miyaa huku akinitania: "Fundi wa redio, ongeza mwendo!" Asubuhi ya siku ya wageni nikakata uzi wa mwisho. Nikaumwagia mkeka maji kikombe kizima, nikajifunga leso nyeupe, nikaukalia. Nikainuka, nikaikagua leso. Kisha nikauanika juani.

Wazee waliketi muda mrefu, wakanywa kahawa, wakakubaliana. Sikusikia neno hata moja la waliyoyapanga. Nilisimama nyuma ya pazia nikingoja wainuke. Walipoaga na kutupa mgongo mmoja mmoja, nilizihesabu kanzu zote tano. Zilikuwa nyeupe.

Mwanangu, sikukatazi hayo unayoyaona kwenye simu. Jitengenezee taa ya kifuu, shona mifuko ya magunia, tafuta njia ya kuokoa kuni. Mimi pia napenda ujanja. Nakuomba haya: kijaribu kitu kile kile utakachokitengeneza, si ndugu yake. Anza na kipande kidogo ambacho kikiharibika hutakililia. Kitumie kwanza wewe, tena kwa namna mbaya kuliko atakavyokitumia mgeni: kimwagie maji, kikalie, kivute. Na ukikosea, usikifunike kwa cha kuazima mpaka uone kama mikono yako haiwezi kukirekebisha. Ukiona haiwezi, azima bila kuona haya, kisha urudi kujifunza.

Mungu aitie baraka mikono yako, akupe subira ya kufumua na nguvu ya kuanza tena, na kila atakayeketi juu ya kazi yako ainuke salama akikuombea heri. Amina.