Umelalaje, kwa Kijerumani

Nafundisha Kijerumani hapa Lushoto, kwa waongoza wageni, wapishi na wahudumu. Darasani kwangu aliyemaliza kidato cha sita anakaa benchi moja na aliyeishia la saba, na asiyependa hivyo mlango uko wazi.

Mwaka jana nilikuwa na mama mmoja, muosha vyombo wa hosteli ya hapa mjini. Mwenye hosteli alimwahidi kwamba akiweza kuongea na mgeni wa kwanza wa msimu, atatoka kwenye sinki aje mbele kupokea wageni. Akishindwa, nafasi anapewa kijana mmoja wa kidato cha sita, naye mwanafunzi wangu.

Basi mama akagoma. Kitabu kinataka salamu moja, halafu unauliza mtu atakula nini. "Mwalimu," akaniambia, "nitamuulizaje mtu chakula wakati sijui ameamkaje? Hata watu wa kwake sijawaulizia?"

Kijana akacheka. "Mama, Wazungu hawana muda huo."

"Hebu nyamaza wewe!" nikamkatiza. Nikamfundisha mama salamu zote kwa Kijerumani, kama tunavyosalimiana Wasambaa: umelalaje, wa nyumbani hawajambo, shamba linaendeleaje. Alikuwa akizirudia huku anasugua masufuria, mpaka wenzake wakamwita Mjerumani.

Siku ikafika. Mgeni alikuwa bibi wa Kijerumani mwenye mvi, amechoshwa na kona za barabara ya mlimani kutoka Mombo. Mama akapiga goti kidogo, akaanza. Umelalaje? Wa nyumbani hawajambo? Mwenye hosteli akamnong'oneza, "Mama, chakula! Uliza chakula!" Wapi! Akaenda nazo hadi shambani. Mimi nilikuwa pale mlangoni, nasikiliza.

Yule bibi akatua begi, akakaa. Akasema shamba hana, ana bustani tu, na aliyekuwa akiipalilia ni mumewe, ambaye sasa ni marehemu. Mama akampa pole, neno hilo alilijua. Kisha bibi akamuuliza, "Na wewe, umelalaje?"

 Darasani mama alikuwa muulizaji siku zote, hatukuwahi kumuuliza. Mama akatazama sakafu, midomo ikitembea. Akajibu polepole, neno moja moja: "Sikulala. Nilikuwa nakuogopa wewe."

Bibi akaangua kicheko, akamshika mkono, akamvuta wakae wote. Jamani, sentensi ile sikumfundisha mimi! Aliitunga mwenyewe, palepale, nami nikabaki nimesimama kifua mbele kama niliyezaa mtoto. Mwenye hosteli alikuwa ameshageukia jikoni, anauliza kesho nani ataosha vyombo.