Kibati Nilichosugua Liuli

Elimu yangu ni darasa la nne, lakini biashara ya kahawa ilipofunguliwa kwa watu binafsi, mtu wa kwanza kijijini kwetu Maguu kununua gari ni mimi. Na kabla ya kahawa nilikuwa muosha masufuria katika hoteli moja mjini Mbinga. Kwa kutoa masizi, hakuna aliyeniweza.

Binti yangu alikuwa mwaka wa mwisho wa fizikia, chuo kikuu. Alikuja likizo na vibati vitatu vya kupimia jua, na bila vipimo hivyo hahitimu. Maguu ukungu ulikuwa umekaa wiki nzima, basi nikamteremsha Liuli, kando ya ziwa kwenye jua, kwa shangazi yake. Njiani alinieleza habari za vibati vile, ila masikio yangu yalikuwa kwenye gia. Ule mteremko si wa mchezo.

Asubuhi nikavikuta mezani, vyeusi tii. Binti wa mtu kama mimi atembee na masizi? Nikavishusha ziwani. Kimoja nikakisugua kwa mchanga na jivu mpaka nikaona meno yangu ndani yake. Nimeshika cha pili, huyo anakuja mbio.

"Baba! Unafanya nini?"

"Nakusafishia, mama."

Akakaa mchangani. "Huo weusi ndio utafiti wenyewe, baba. Ni utando mwembamba kuliko unywele mara elfu, unanasa mwanga unakuwa joto. Umefuta miezi mitano."

Shangazi yake alicheka mpaka kanga ikamdondoka. "Kaka, hata elimu unaisugua?"

Mimi sikucheka. Nikamwambia mwanangu, nipe kazi. Akanipa kipimajoto. Tukaviweka vyote vitatu kwenye kichanja cha kuanikia usipa, dagaa wa huko, siku tatu, asubuhi hadi jioni. Nafukuza kuku, nasoma namba kwa sauti, yeye anaandika. Wanawake walioanika usipa wao wakawa wananiuliza, "Mzee, sasa ngapi?" Vile viwili vyeusi vilichoma vidole, changu nilikishika bila shida.

"Hiki kitaonyesha tofauti," binti akasema, na hapo ndipo alipocheka.

Alihitimu. Aliniandikia kwamba mwalimu wake alikitia kibati changu kwenye hadubini yao kubwa, akatafuta mabaki ya utando, asione hata chembe. Akauliza kimesafishwa kwa mashine gani.

"Kwa baba," binti akamjibu.