Simu Iliyohama Bila Kuaga

Mtaani walimwita Bi Pindo, na jina lenyewe alijitafutia. Mwanamke gani huyu, unamwamkia vizuri naye anaangalia chini, si kwa aibu, bali kukagua kama gauni lako limepindwa sawasawa? Alikuwa fundi cherehani tangu usichana, mjane, ulimi mkali kuliko mkasi wake, na mkasi wenyewe aliunoa hadi ukakata unywele. Chumba cha mbele cha nyumba yake ndicho kilikuwa duka. Cherehani ilikaa dirishani, meza ya kukatia katikati, na vipande vya vitambaa vilitapakaa kila mahali, hata mteja akikaa kitini aliondoka na nyuzi nguoni.

Chumba cha nyuma alikaa dada yake. Huyo alikuwa mpishi wa shule mpaka alipostaafu, na kwa mazoea ya kuita wanafunzi waje kula, hakujua kabisa kusema kwa sauti ya chini. Mama yao alipofariki, yeye ndiye aliyemlea Bi Pindo, akambeba, akamwogesha, akamchapa. Mpaka uzeeni alimwita Kitinda, maana ndiye kitinda mimba. Waliishi vizuri, yaani waligombana asubuhi na jioni wakanywa chai pamoja.

Sasa siku moja akaja mteja, mama wa bibi harusi, kujaribu gauni la sherehe. Dada mtu akapita na kikombe chake, akasimama, akatazama, akasema kwa sauti yake ile ya jikoni, "Kitinda, mkono huu umekaa kombo."

Mteja akajigeuza mbele ya kioo. Akalivua gauni, akakusanya kitambaa chake kilichobaki, akaenda zake bila kuaga. Lo! Bi Pindo akautupa mkasi mezani.

"Nyumba hii ina fundi mmoja," akasema.

"Basi na iwe na mkazi mmoja," dada akajibu.

Na mkono kweli ulikuwa kombo. Hiyo ndiyo iliyomuuma zaidi.

Wiki ile ile dada akahama. Alichukua kitanda, masufuria yake, mapazia ya chumba chake ambayo Bi Pindo mwenyewe alikuwa amemshonea, na simu ya mezani. "Hata mapazia!" Bi Pindo aliwaambia majirani. "Dirisha ameniachia tupu kama mdomo wa kibogoyo!" Majirani wakatikisa vichwa, wakaenda zao. Walijua vizuri: ndugu wakigombana, chukua jembe ukalime.

Simu ile nayo ilikuwa na mambo yake. Zamani walikuwa na simu ya waya, waya umetoka kwenye nguzo ya barabarani ukaingia ukutani. Kampuni ya simu ikaja ikaung'oa, ikawaletea kisanduku chenye taa za kijani kinachopitisha simu kwenye intaneti. Namba ikabaki ileile. Fundi aliyekifunga aliuliza nyumba iko wapi, akaandika, akaondoka. Labda aliwaambia kwamba siku wakihama nacho waitaarifu kampuni. Labda hakuwaambia. Nani huwasikiliza mafundi wa simu? Dada alikichomoa, akakibeba kwapani, na huko alikohamia mwenye nyumba alikuwa na intaneti. Akakichomeka, kikawaka. Akaona hakuna la zaidi.

Miezi ikapita. Dada alipiga simu mara moja tu. Alianza bila salamu, kama kawaida yake. "Kitinda, nuna, na ukishanuna uje unione. Panda basi mpaka kituo cha mwisho, uliza karakana ya matairi, ukiiona, halafu..."

Bi Pindo akakata simu. Akarudi kwenye cherehani, akashona kwa hasira mpaka uzi ukakatika. Alijiambia kwamba kesho atampigia. Kesho ikafika, akajiambia hivyohivyo tena.

Ikaja asubuhi moja, yuko mezani anakata suruali za sare, akasikia king'ora kinakuja mtaani kwao. Kikaja, kikaja, kikanyamaza mlangoni pake. Gari la wagonjwa. Akashuka dereva, mtu mzima mwenye kitambi, na muuguzi msichana mwenye mkoba mzito begani.

"Mgonjwa yuko wapi, mama?" muuguzi akauliza, mguu mmoja tayari uko ndani.

"Mgonjwa gani? Mimi mzima."

"Tumepigiwa kutoka nyumba hii. Aliyepiga alisema 'nisaidieni', basi, maneno yakamshinda. Simu bado iko hewani, kituoni wanasikia anavyohema." Akasoma namba.

Bi Pindo aliisikia namba ile. Akaushika mlango. "Hiyo ni ya dada yangu," akasema. "Alihama nayo."

"Alihamia wapi?"

Hapo sasa. Dada aliyemlea, aliyemfundisha hata kufunga vifungo, na yeye hajui anakaa wapi! Aibu ilimpanda mpaka masikioni. "Kituo cha mwisho cha basi," akasema. "Karibu na karakana ya matairi. Zaidi ya hapo sijui."

"Panda," dereva akasema.

Akapanda na mkasi mkononi, futi ya kupimia bado inaning'inia shingoni. Njiani akapiga simu ya mezani ya dada, ikawa na shughuli, kwani ilikuwa bado imeshikwa na kituo cha dharura. Akapiga ya mkononi, imezimwa.

"Lakini nyinyi mna mitambo," akamfokea dereva. "Mnashindwaje kujua simu ilipo?"

Dereva hakukasirika. Alizoea kufokewa na watu wenye hofu. "Simu ya waya ilikuwa kama mti, mama. Imepandwa pale, haiendi kokote, ukipiga tunajua nyumba. Ya mkononi tungepata angalau mtaa, kwa ule mnara wa simu iliopitia. Hii ya intaneti inasema kile kilichoandikwa siku ya kufungwa, hata ukiibeba mpaka mwezini. Kampuni yao tunaipigia sasa hivi, inatupigia muziki tu."

"Mbona hakutumia ya mkononi? Anayo!"

"Labda haikuwa na salio, akaizima akidhani haitapiga," muuguzi akasema. "Wengi wanafikiri hivyo. Namba ya dharura haidai salio."

Bi Pindo akaitikia kwa kichwa. Dada yake na salio hawajawahi kukaa nyumba moja.

Kituo cha mwisho kilikuwa uwanja wa vumbi, na karakana ilikuwa pale kweli, matairi yamepangwa mpaka usawa wa paa, kompresa inanguruma. Nyuma yake zilitawanyika njia nyembamba, nyumba zimebanana. Mwenye karakana alifuta mikono, akauliza mama huyo yukoje. Bi Pindo akamweleza. "Hapa wahamiaji huja kila mwezi, mama," akajibu kwa huruma. "Alikuambia ukatie njia ipi?"

"Sijui," Bi Pindo akasema. Machozi yakaanza kumtoka mbele ya watu, yeye ambaye hata msibani hulia akiwa amegeukia ukuta. "Alikuwa ananielekeza. Alifika kwenye 'halafu', nikamkatia simu. Mimi mwenyewe nilimkatia."

Dereva akashika redio ya gari, akaongea na mpokea simu kituoni. "Bado unamsikia?"

"Namsikia, lakini anahema kwa taabu."

"Sasa tega sikio. Nitawasha king'ora, uniambie kama kinaingia kwenye simu yake."

Wakaingia njia ya kwanza taratibu, king'ora kinalia, watoto wanaziba masikio. "Kwa mbali," redio ikasema. Wakaendelea. "Kinafifia." Gari likarudi kinyumenyume, majirani wakiondoa ndoo na baiskeli. Njia ya pili. "Nakisikia," mpokea simu akasema. "Kinapanda. Nendeni. Kinapanda. Sasa ni kikubwa..."

Kisha kimya. Nyuma yao kompresa ya karakana ilikuwa imenyamaza, na redio ya kinyozi mmoja wa pale vilevile.

"Laini imekatika," sauti ya kituoni ikasema.

"Umeme," dereva akasema, akapiga usukani kwa kiganja. "Bila umeme simu hii ni boksi tu."

Bi Pindo aliruka kutoka garini kabla halijasimama. Akakimbia na mwili wake mzito, futi ikipepea, anaita, "Dada! Dada ee!" Milango ikafunguka, nyuso ngeni zikachungulia. Hakuitazama milango. Macho yake yakaenda kwenye madirisha, kwa mazoea tu, kama yanavyokwenda kwenye mapindo ya watu. Pazia la maua, la leso, la gunia. Mwisho akaona pazia la kahawia, limepungukiwa kiganja kizima chini, kwa sababu lilikatwa kwa dirisha la nyumba nyingine. Pindo lake lilikuwa na mishono miwili, kama anavyopinda yeye.

"Hapa!" akapiga kelele. "Hapa! Hilo ni langu!"

Dereva alisukuma mlango kwa bega, ukafunguka. Dada alikuwa sakafuni kando ya stuli, mkono wa simu umelala kifuani, upande mmoja wa mdomo umeshuka. Macho yalikuwa wazi. Yalimtazama Bi Pindo, yakajaa maji.

"Nimekuja, Dada," Bi Pindo akasema, akapiga magoti. "Nimechelewa, lakini nimekuja. Nisamehe."

Muuguzi akamsogeza pembeni kwa upole, akaanza kazi.

Kilikuwa kiharusi. Daktari alisema wangechelewa zaidi wangekuwa wanazungumza mambo mengine. Dada alilazwa muda mrefu, na alipotoka, mkono wa kulia ulikuwa mzito, maneno yanakuja moja moja kama wageni wasiojua njia. Bi Pindo hakumuuliza anataka kukaa wapi. Alikodi gari, akapakia kitanda, masufuria, kisanduku cha simu na mapazia, akamrudisha chumba cha nyuma. Mapazia yakakaa dirishani sawasawa.

Asubuhi humweka kitini karibu na cherehani. Siku moja dada alitazama blauzi iliyotundikwa, akahangaika na ulimi, akatoa neno. "Kombo."

Bi Pindo akalitazama bega lile. Akaishusha blauzi, akachukua wembe, akafumua mshono wote.

Mchana ule ule akakumbuka agizo la yule muuguzi, kwamba kampuni iambiwe simu iko nyumba gani, akaipigia. Alisubiri muziki wao mpaka akaujua. Hatimaye akaja kijana mwenye sauti ya adabu, akasikiliza habari yote, akasema pole, akauliza, "Basi, mama, nibadilishe. Kwenye mtambo bado imeandikwa nyumba ya zamani. Sasa anakaa wapi?"

Bi Pindo akamtazama dada yake. Alikuwa amesinzia kitini, kipande cha uzi kimemganda kwenye shavu.

"Usibadilishe kitu, mwanangu," akasema. "Amerudi."