Mwanamke anayerudisha sarafu kwao

Malori ya kwanza yanapasha injini moto kwenye foleni ya mpakani Busia, na Roselida Okwara tayari ana kilo tatu za pesa kiunoni. Amejifunga aproni ya turubai yenye mifuko ya Kenya upande wa kulia na ya Uganda upande wa kushoto. Kila hatua, aproni inalia kama droo ya vijiko.

Anasimama kwa mama muuza mandazi. Mama huyo hasalimii hata. Anafungua kikopo cha majarini na kumwaga sarafu mezani kama mtu anayemwaga taka.

"Hizi madereva wameniachia jana, dada. Mtu anakula mandazi yangu, anaacha hizi, anapanda lori. Sasa mimi nizipeleke wapi?"

"Lete," anasema Roselida.

Hasomi namba. Anasoma wanyama. Sarafu ya mia ya Uganda ina ng'ombe, ya mia mbili ina samaki, ya mia tano ina korongo. "Ng'ombe kumi na mmoja, samaki tisa, korongo wanne," anasema, na kumpa mama noti ya mia na ya hamsini, za Kenya. Mama anashukuru kama aliyetolewa mwiba mguuni.

Mgeni akifika hapa huchanganyikiwa. Anaona 500 kwenye chuma, anadhani amepata. Loo! Korongo huyo na mia tano yake yote hafikishi shilingi ishirini za Kenya. Roselida amewaeleza wengi, tena kwa kicheko: "Samaki ana mia mbili mgongoni, simba wetu ana kumi tu. Lakini simba anammeza huyo samaki na bado ana njaa."

Maduka ya kubadilisha fedha yanataka noti. Sarafu hawazigusi, maana ni nzito na faida yake ni ndogo. Kwa hiyo sarafu ikivuka mpaka imepotea. Asubuhi ilinunua nyanya upande ule, jioni iko upande huu na haiwezi kununua hata kiberiti. Haijabadilika rangi wala uzito. Imevuka tu barabara.

Hapo ndipo Roselida anapopata ugali wake. Ananunua sarafu zilizokwama upande wa Kenya kwa bei ya chini kidogo, anavuka nazo, anawauzia makondakta na wenye maduka wa Uganda wanaolilia chenji. Akirudi anabeba sarafu za Kenya zilizokwama kule, simba wa kumi na ndovu wa ishirini.

"Mimi sibadilishi pesa," anasema. "Wabadilishaji ni wale wenye noti. Mimi narudisha tu vitu kwao."

Ana miaka hamsini na mmoja. Alizaliwa Khunyangu, akaolewa Funyula, na kazi hii ameifanya miaka kumi na minne. Zamani alikuwa akipata mia tano kwa siku, hata mia saba siku ya soko. Tangu watu waanze kulipa kwa simu, mia mbili na hamsini ni siku nzuri. Bega la kushoto limeshuka, na usiku linamuuma mpaka anakaa kitandani.

Lakini si bega linalomkondesha. Kuna kimoja ambacho Roselida ameshindwa kukirudisha kwao, nacho ni mume wake.

Nicholas Okwara alikuwa taniboi, msaidizi wa dereva, wa lori la mizigo. Miaka saba iliyopita lori hilo lilipinduka ndani ya Uganda, barabara ya Jinja. Dereva alikufa papo hapo. Nicholas alifia hospitalini bila kusema neno, na kitambulisho chake kilikuwa kimebaki nyumbani kwenye mfuko wa suruali nyingine. Hakuna aliyejua ni wa nani. Wakangoja, hakuja mtu, wakamzika kwenye makaburi ya umma nje ya mji.

Habari ilipomfikia Roselida, nyasi zilikuwa zimeanza kuota juu ya udongo. Alipanda gari na shemeji yake, Quinton, wakaenda. Picha ya hospitali iliwahakikishia kwamba ni yeye. Mlinzi wa makaburi akawauliza wanamtafuta nani.

"Nikamwambia Nicholas Okwara," anakumbuka Roselida. "Akaniambia, mama, hapa hatuna majina. Hapa tuna namba."

Akawapeleka kwenye kibati kilichopigiliwa kijiti. Kimeandikwa 341.

Kumfukua, kupata vibali vya nchi mbili, kukodi gari, kununua jeneza na kulisha waombolezaji, Roselida alipigiwa hesabu ya shilingi laki moja na elfu tisini za Kenya. Mwaka wa kwanza michango ilitoka. Wa pili ikapungua. Wa tatu watu wakaanza kubadilisha njia wakimwona. Basi akaamua kuweka mwenyewe, na hapo akafanya kosa ambalo hata leo akilisimulia anajipiga paja.

Aliweka kwa swala. Swala ni sarafu ya hamsini ya Uganda, ndogo kuliko zote alizokuwa akishika. Alizipata kwa bei ya kutupa kwa sababu hakuna aliyetaka kuzibeba. Kila jioni alitia ukopo mmoja kwenye gunia chini ya kitanda.

"Nilijua noti nitazila," anasema. "Mtoto akiugua, noti inatoka. Lakini nani atakuja kukopa gunia la swala? Na namba iko pale, imeandikwa. Hamsini ni hamsini. Nilisema hizi zitaningojea."

Hazikungoja. Upande wa pili bei zilipanda mpaka hakukuwa na kitu cha kununua kwa hamsini. Wauza ndizi wakaanza kuzikataa. Makondakta wakafuata. Hakuna tangazo lililotolewa, hakuna aliyesema kuanzia leo. Watu walitikisa kichwa tu, mmoja baada ya mwingine.

Mwezi wa tatu mwaka huu alikodi baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya walemavu wanaovusha mizigo, akavusha magunia matatu. Ndani mlikuwa na swala elfu ishirini, yaani milioni moja ya Uganda, kama elfu thelathini na tano za hapa. Alikwenda moja kwa moja kwa Okiror, mwenye duka la jumla, mteja wake wa miaka yote.

Okiror hakuinuka kwenye kiti. "Dada, pole sana. Hata mimi wateja wananirudishia. Nikizichukua, nitampa nani?"

"Lakini ni pesa, boss. Si serikali yenu inasema ni pesa?"

"Inasema. Lakini serikali haiuzi nyanya."

Benki moja ilimwambia afungue akaunti kwanza, na kwa hilo zilitakiwa karatasi ambazo Mkenya hana. Njiani kurudi, mnunuzi wa vyuma chakavu alimwita akamwambia atampa shilingi arobaini kwa kilo. Roselida alikaa juu ya magunia yake kando ya barabara akalia, na mwenye baiskeli akageuza uso.

"Nilikuwa nimeshika milioni," anasema, "na sikuwa na nauli."

Magunia yamerudi chini ya kitanda. Na kana kwamba hayo hayatoshi, Agosti familia ya Funyula iliitana.

Mama mkwe wake, Petronilla, amepita miaka themanini na macho yamekwisha. Analo ombi moja: kabla hajafa asimame kwenye kaburi la mwanawe, pale nyumbani. Quinton, ambaye ndiye mkubwa aliyebaki, akasema njia ipo, na imetumika tangu zamani kwa waliopotea ziwani na vitani. Watakata mgomba wenye urefu wa mtu, wauvishe koti la Nicholas, wauweke kwenye jeneza, wauzike kwa sala na vilio. Siku imepangwa, Jumamosi ya pili ya Desemba.

"Mama Trizah, mimi si mchawi," Quinton aliliambia gazeti hili alipopigiwa simu. "Nilimpenda kaka yangu. Lakini mama anakufa, pesa hatuna. Sisi sote tukikubali kwamba ni yeye, basi ni yeye." Alikuwa amesahau kwamba anayeongea naye si shemeji yake Roselida, ambaye humwita kwa jina la mwanawe. Akaomba radhi.

Roselida alipoelezwa maneno hayo hakuyapinga.

"Hajasema uongo," alisema. "Hiyo ndiyo kazi yangu miaka kumi na minne, mimi najua. Chuma ni chuma, watu wakikubali kinakuwa pesa. Mgomba nao, watu wakiulilia unakuwa maiti. Ndiyo naogopa. Wakishaulilia, yule wa kule atakuwa swala. Yupo, namba anayo, na hakuna mtu anamtaka tena. Nani atachangia kuleta mtu ambaye tayari amezikwa?"

Wazee wamemtumia ujumbe. Kilio cha mjane ndicho kinachofungua matanga, na bila yeye jeneza halishuki vizuri. Asipofika atahesabiwa ametoka katika boma lile, na nyumba aliyojengewa na Nicholas itakuwa na maneno. Petronilla naye alishika simu mwenyewe, akalia akimwita mwanangu. Roselida anakiri kwamba simu hiyo ilimvunja. Siku tatu hakushika aproni.

Jua limepanda sasa, na foleni imesogea. Msichana muuza maji anamkimbilia kwa aibu, kiganja kimefumbwa. Anakifungua. Ni swala watatu.

"Najua hazichukuliwi, mama. Nimepewa na sikuangalia."

Roselida anaziangalia. Anajua vizuri kuliko mtu yeyote hapa kwamba hazitavuka. Anatoa kifaru, sarafu ya tano, anamwekea msichana kiganjani, na swala watatu anawatia mfuko wa kushoto, pamoja na wenzao.

Kwa nini? Biashara gani hiyo?

"Si biashara. Nikizikataa hata mimi, zimekufa kabisa," anasema, na kukaza kamba ya aproni.

Amekwishaamua. Ana elfu sitini na moja za michango kwenye simu, na ataendelea kuongeza, hata ikimchukua miaka mingine saba. Jumamosi ile ya Desemba hatakwenda Funyula. Amenunua kopo dogo la rangi nyeupe na brashi, maana safari iliyopita aliona kibati kimeanza kushika kutu na ile 1 ya mwisho imebaki kama mkwaruzo. Atapanda gari alfajiri, aipake upya, kisha akae pale mpaka jioni.

"Mama mkwe nimemwomba msamaha, na Quinton simchukii," anasema. "Walie. Mimi machozi yangu siku hiyo nitakuwa nayo kule, kwa mwenyewe."