Jiko Langu kwa Jirani

Asubuhi mume wangu alipofariki hospitalini Malindi, nilirudi nyumbani nikawasha jiko la makaa. Kwetu bara, nyumba yenye msiba haizimi moto; wageni watakuja, na kila mgeni lazima apate chai. Nilikuwa nimekwisha kubandika sufuria jirani yangu alipoingia, mama wa Kiislamu tuliyepakana naye ukuta kwa miaka mingi. Alinikumbatia, akalia nami. Kisha akaepua sufuria.

"Hili jiko nalitwaa, mwanangu," alisema, akaenda nalo kwake.

Nilikasirika, na hasira ndiyo iliyonizuia nisianguke. Miaka yote hiyo hakuwahi kula kwangu hata tonge moja. Nikimkaribisha, mara amefunga, mara ameshiba. Nikajiambia kwamba hata siku ya msiba, sufuria ya Mkristo ni najisi kwake.

Adhuhuri wanawake wa mtaa wakaingia na masinia ya wali, samaki wa kupaka na mabirika ya chai ya tangawizi. Waliwalisha watu wa kanisa langu, na kesho yake wakwe zangu walioteremka kutoka bara, wakaosha vyombo vyote. Nilipoinuka kusaidia, jirani alinishika mkono.

"Keti. Hapa petu mfiwa hapiki. Kazi yako wewe ni kulia tu."

Niliona haya, nikaketi, nikalia.

Tulimpeleka mume wangu kuzikwa kwao. Niliporudi Malindi nilikuwa peke yangu, na mfuko wa mahindi na maharagwe niliofungiwa na mama mkwe. Nyumba ilinitisha. Sikulifuata jiko, ningempikia nani?

Alasiri jirani alilileta mwenyewe, makaa yamekolea.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wapika nini leo?"

Nilimwonyesha mahindi na maharagwe ya kuchemsha githeri. Githeri haina haraka, na yeye hakuwa nayo. Alikaa kwenye kibao karibu nami, akanisikiliza nikimtaja marehemu, akaondoka mara moja tu kwenda kuswali magharibi, akarudi. Ilipoiva nilipakua sahani moja, yangu.

"Na yangu?" aliuliza.

Nikampakulia. Akasema bismillahi, akala polepole mpaka sahani ikabaki tupu.

"Chumvi haijakolea," alisema, akaisogeza sahani mbele yangu. "Lakini niongezee."