Nilimwita Mjukuu Wangu Daktari, Nikamharibia Posa

Ulikuwa mwaka ule vitunguu vilipopanda bei hapa Dubai mpaka tukala pilau nyeupe kama ya mgonjwa. Wanaoishi mtaa wetu huu wa Al Qusais wanaukumbuka. Mwaka huo ndipo mdomo wangu uliponiponza, na kosa ni langu, simsingizii shetani. Shetani mwenyewe angenisikia siku ile angeziba masikio!

Nina mjukuu. Nimwite Shabani, ingawa silo jina lake. Nilimlea mimi kule Tanga, mama yake akiwa huku Dubai akipakia mizigo kwenye ghala la Freezone. Sasa nami niko huku kwa binti yangu, nalea wadogo zake Shabani, na Shabani mwenyewe yuko Japani. Naam, Japani! Mimi darasa la nne sikulimaliza, lakini mjukuu wangu anaongea Kijapani.

Kazi yake aliniambia mwenyewe kwenye simu, hakunificha. Yuko kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Anawalisha, anawaogesha, anawabadilisha nguo wakijichafua. Akasema kabla hajamgusa mzee humwinamia kwanza na kumwomba ruhusa. Tena kuna bikizee mmoja humfinya akichelewesha chai.

"Kumbe umenitafutia mke mwenza!" nikamwambia.

"Mke wangu, si mmoja, ni ukumbi mzima!"

Tukacheka. Ndivyo tulivyo, yeye ananiita mke wangu, mimi namwita mume wangu, utani wa bibi na mjukuu.

Lakini nilipokata simu roho iliniuma. Mtoto wa kiume niliyemkataza hata kuosha sahani! Leo anaosha matako ya vikongwe vya watu?

Ijumaa wanawake wenzetu hukusanyika kwetu, Watanzania, Wakenya na Waunguja wao. Tukawa tunakula hiyo pilau yetu ya mgonjwa. Mama Njeri, Mkenya anayelinda mlango wa hoteli kule Deira, akaniuliza, "Bibi, na huyo kijana wa Japani anafanya job gani?"

Nikafungua mdomo. "Daktari! Daktari wa wazee, tena mkubwa wao."

"Woi! Si tulisikia anaosha wazee?"

"Nani? Wangu?" nikaruka. "Kuosha vikongwe ni kazi ya waliokosa kazi!"

 Kando yangu alikaa Mama Rehema, mtu wa Tanga mwenzangu. Mama huyu amemsomesha Rehema wake kwa kazi moja tu, kumtunza madam mzee, kumwogesha asubuhi na jioni. Na Rehema ndiye msichana ambaye Shabani alikuwa anakuja likizo kumposa. Nilijua yote hayo! Nilijua, na bado nilisema!

Mama Rehema akaacha kula. "Bibi, mkono huu unaokula pilau yako, asubuhi ulikuwa unamwogesha madam wangu."

Ningesema samahani pale pale, yangeisha. Wapi! Nikamwambia, "Kula, mwanangu, chakula kinapoa." Nikadhani khalas, yamepita.

Shabani akaja likizo. Hata begi hajalifungua, mlango ukagongwa. Mama Njeri huyo na bahasha ya eksirei, nyuma yake wanawake wengine wawili, mmoja kashika goti.

"Daktari, karibu Dubai! Hebu niangalie huu mgongo, unaniua."

Shabani akanitazama. Mimi nikajitia nakaza kanga yangu.

"Mama," akamwambia, "mimi si daktari. Naogesha wazee. Mgongo wako siwezi kuutibu, ila ukitaka nitakusugua."

Walicheka mpaka wakakaa chini. Nilitamani zulia linimeze.

Lakini kicheko si kitu. Kilichonichoma ni posa. Binti yangu alipoipeleka, Mama Rehema alimjibu kwa adabu: "Kijana simkatai. Ila mwanangu siwezi kumpeleka kwa watu wanaoionea haya kazi inayowalisha."

Shabani akanijia. "Bibi, ulisema vile?"

"Nilisema."

Hakunigombeza. Laiti angenigombeza! Alianza tu kuniita Bibi. Bibi shikamoo. Bibi, chai yako hii hapa. Bibi, usiku mwema. Adabu tupu, kama anahudumia mgeni wa hoteli. Utani wote ukafa. Jamani, sikujua kama heshima nayo inauma!

Siku zikaenda hivyo, nyumba imenuna, likizo inayeyuka. Mwishowe nikashindwa. Ijumaa wanawake walipojaa tena, nikasimama katikati yao kwa magoti yangu haya mabovu.

"Nilidanganya," nikasema. "Mjukuu wangu si daktari. Anaogesha wazee, kama Mama Rehema anavyomwogesha madam wake. Aliyekosa kazi ni mimi, ndiyo maana nasema ovyo. Mama Rehema, nisamehe."

"Sikusikia vizuri, Bibi. Sikio langu hili lina maji."

Nikarudia.

"Na wale waliokaa mlangoni, wamesikia?"

Nikarudia tena, sasa kwa kupiga kelele. Shabani akachungulia kutoka jikoni. "Mke wangu, kwa sauti hiyo Japani wangekufanya king'ora!"

Nililia na kucheka pamoja. Mama Rehema akanishika mkono, na posa akaipokea. Baadaye nikamkuta na Shabani wanafundishana namna ya kumgeuza mzee mzito kwa shuka bila kujivunja kiuno, utadhani wamezaliwa nyumba moja. Mimi hapo hata chai hakuna aliyenikumbuka nayo!

Lakini ndoa haikuwahi. Siku za kuifunga tulizimaliza kwa kununiana, na kule kazini hawaongezi hata moja. Rehema alibaki huku, Shabani akarudi peke yake, wangojane mpaka likizo nyingine. Huyo binti kila nikimwona ananiamkia kwa upole, nami natazama chini. Machozi yake ni ya mdomo wangu.

Kina bibi wenzangu, mjukuu akikwambia kazi yake, itaje kama alivyokwambia. Usiipake rangi. Na kabla hujaitukana kazi ya mtu, mtazame kwanza aliyekaa kando yako anakula, huenda ndiyo iliyomlea.

Ila msidhani nimegeuka malaika. Asubuhi ya safari, Shabani alikuja na beseni la maji ya moto na taulo begani. Akapiga magoti mbele yangu, akainama kama wanavyoinama kule.

"Mke wangu, naomba ruhusa nikuoshe miguu."

"Sitoi mguu wangu!"

Akachovya kiwiko kuyapima maji, wala hakuinua uso. "Wote husema hivyo hivyo siku ya kwanza."

"Sitoi mguu wangu!"